Kozi ya kazi za nyuma ya pazia kwa ajensi ya mamodo hapa Kisumu: maoni yangu baada ya kumaliza

Nianze na jibu maana najua wengine hamtasoma mpaka chini. Kama unataka kufanya kazi ndani ya ajensi ya mamodo, yaani siyo wewe kupigwa picha bali kuwa yule mtu anashika simu, anapanga kazi, anatafuta sura mpya na kuhakikisha modo amelipwa, hii kozi inastahili pesa yako. Kama unaenda ukitumaini mwisho wa kozi utageuzwa uwe modo, usilipe, hapo hata kioo kikubwa hakuna.

Kozi ni ya miezi mitatu, KSh 15,000 unalipa kwa awamu mbili, halafu wale wamefanya vizuri wanachukuliwa atachment, yaani mafunzo kazini, ya kulipwa posho kidogo hapo hapo ofisini. Ofisi iko ghorofa ya pili kwa jengo la zamani upande wa Oginga Odinga Street, juu ya duka la vitambaa, vyumba viwili na roshani. Jina lao siweki kwa sababu kuna malalamiko nitayasema mbele na bado tunaongea nao tuyamalize, lakini wale wako kwa hii mambo Kisumu watajua tu ni wapi.

Sasa kitu ya kwanza nilipenda ni kwamba wiki ya kwanza yote hawakutuonyesha picha hata moja ya modo akitembea jukwaani. Tulikaa kwa meza ya buking. Hiyo meza ndiyo moyo wa ajensi, na mtu anayeikalia anaitwa buka, ni yeye anapokea simu za wateja na kupanga nani anaenda wapi siku gani. Madam anayeisimamia (mamodo wanamwita Auntie, sisi wa kozi tulimwita Madam mpaka mwisho) ana spredshiti moja kubwa kwa kompyuta, upande wa kushoto majina ya mamodo yote yanashuka, juu tarehe zinaenda, na kila kisanduku kina rangi. Njano ni opsheni ya kwanza, chungwa opsheni ya pili, kijani kazi imekonfamiwa, kijivu modo hayuko, labda ana mtihani chuoni Maseno ama amesafiri nyumbani kwa matanga.

Hii mambo ya opsheni nataka niielezee maana ndiyo watu wengi wa huku kwetu hawaijui, na ndiyo inaleta vita. Mteja akipiga simu akisema namtaka huyu msichana tarehe 14, hajamchukua bado, ameomba awekewe. Hiyo ni opsheni ya kwanza. Mteja mwingine akija na tarehe hiyo hiyo anawekwa wa pili na anaambiwa wazi kwamba yeye ni wa pili. Akisema yuko tayari kukonfamu sasa hivi, huwezi kumpa tu kwa sababu ana hela haraka, lazima umpigie yule wa kwanza umwambie kuna mtu anataka kukonfamu, nakupa mpaka kesho saa sita mchana, ama ukonfamu ama umwachilie. Hivyo tu. Lakini hiyo simu ya kumwambia mteja mkubwa "nakupa mpaka saa sita" bila sauti kutetemeka na bila kumkosea heshima, hiyo ndiyo kazi, na tulifanyishwa mazoezi yake mpaka mwenzangu mmoja akaanza kuiota usiku.

Siku moja jioni, ofisi ikielekea kufungwa, ikapigwa simu kutoka Nairobi, kampuni ya kutengeneza matangazo, wanataka mikono. Ndiyo, mikono, ya kushika sahani kwa tangazo la sabuni ya maji, na wanaitaka Jumamosi. Madam akamsukumia simu dada mmoja wa darasa letu akamwambia chukua wewe. Sisi wengine tumenyamaza tunasikiliza. Dada akauliza vizuri, ni saa ngapi, ni wapi, usafiri ni wa nani, uso utaonekana ama ni mikono peke yake, picha zitatokea wapi, za runinga ama za mabango ama za simu, na kwa muda gani. Halafu Madam akamwandikia kwa karatasi neno moja tu: sabuni? Hapo ndipo tukaelewa. Yule modo ambaye mikono yake ni mizuri kuliko wote alikuwa ameshafanya tangazo la sabuni ya kampuni nyingine, na mkataba wake ulimfunga asionekane na sabuni nyingine mpaka muda uishe. Angetumwa, kampuni ya kwanza ingekuwa na haki ya kumdai yeye na ajensi. Ikabidi atafutwe mwingine usiku huo huo, kucha ziangaliwe, picha za mikono zipigwe karibu na dirisha zitumwe. Kazi ikapatikana. Huyo modo wa pili anauza mitumba soko la Kibuye na hakuwa amewahi kufikiria mikono yake inaweza kulipa rent.

Mikataba nayo walifundisha vizuri kuliko nilivyotarajia. Kuna pesa ya siku, ile ya kufika na kufanya kazi, na kuna pesa ya matumizi, yaani mteja anaruhusiwa kuitumia hiyo picha wapi, kwa vyombo gani na kwa muda gani. Watu wetu wengi wanaangalia ile ya kwanza tu. Msichana anapewa elfu kumi anafurahi, halafu mwaka wa tatu uso wake bado uko kwa bango pale barabara ya kwenda Nairobi na hakuna shilingi imeongezeka, kwa sababu alisaini fomu imeandikwa matumizi yote, dunia yote, milele. Darasani tulipewa fomu kama hizo tuzisome kwa kalamu nyekundu. Kila mahali imeandikwa milele unauliza kwa nini. Kila mahali imeandikwa Afrika Mashariki na mteja anauza Kenya peke yake, unauliza. Mimi ningelipa hizo KSh 15,000 kwa hiyo wiki moja tu.

Halafu hela. Hawa wanachukua kamisheni asilimia 20 kwa pesa ya modo, na walituonyesha hesabu bila kuficha. Kazi ya KSh 20,000, ajensi 4,000, modo 16,000, inaandikwa kwa stetimenti na modo anatumiwa kwa M-Pesa pamoja na ile karatasi. Asilimia 20 siyo wizi kama wengine mnavyosema, ni kiwango cha kawaida cha hii biashara hata ng'ambo, na New York wamekipiga kufuli kwa sheria iliyosainiwa Desemba 2024 ikaanza kazi Juni 2025, kwamba kampuni ya kusimamia mamodo isizidishe hapo. Wizi ni ile ajensi inakata asilimia 50 na haikuonyeshi mteja alilipa ngapi. Ukienda kutafuta kazi kwa ajensi yoyote, kabla hata hujauliza mshahara wako, omba uone stetimenti ya modo inakaaje. Kama hawana, utakuwa unafanyia kazi watu ambao kesho mamodo watakushika shati wewe uliyewapigia simu.

Shida kubwa ya pesa huku ni kungoja. Mteja anakwambia siku 30, inakuwa 60, inakuwa 90. Hapo Madam alituambia kuhusu Eileen Ford, yule mama wa New York aliyeanzisha Ford Models na mumewe mwaka 1946. Alianza akiwapokelea simu mamodo rafiki zake, na kitu kilichoitenganisha ajensi yao na zingine ni kuwalipa mamodo kabla mteja hajalipa, halafu ajensi ndiyo inabaki ikimfuatilia mteja. Ajensi yetu ya Kisumu haina mtaji wa kufanya hivyo kwa kila kazi, wanasema wazi, lakini wanatoa nusu ya mapema kwa kazi ndogo, na kuna mtu mmoja kazi yake ni kufuatilia invoisi tu. Huyo kaka nilimpenda sana. Ana daftari la karatasi kando ya kompyuta, ameandika jina la mhasibu wa kila mteja, siku gani ya wiki wanafanya malipo, na anapiga simu siku moja kabla ya hiyo siku. Hapigi kelele. Anasalimia, anauliza watoto, halafu anauliza invoisi imefika meza gani.

Kupima na kupiga zile picha za kawaida (tuliziita polaroidi ingawa siku hizi ni simu) walichukua muda mfupi lakini kwa makini. Modo anasimama bila viatu, kisigino kwa ukuta, futi ya kupimia inalala kwa mwili haivutwi. Msichana anapimwa na mwanamke, mlango wazi, na kama hajafika miaka 18 mzazi yuko ndani ya chumba, hakuna mjadala. Picha ni kando ya dirisha, ukuta mweupe, nguo rahisi ya kubana, nywele nyuma, uso bila mekap, mbele, kando, nyuma, na mikono. Na huwezi kuongeza inchi ya urefu kwa kadi ya modo ili apate kazi. Atafika kule, nguo itamfikia mahali pabaya, na jina lililoharibika ni la ajensi. Hizo picha na vipimo vyote vinawekwa kwa folda yenye paswedi, kwa sababu ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na modo anasaini kukubali. Nimeona mahali pengine hapa mjini vipimo vya wasichana vinazunguka kwa grupu za WhatsApp kama bei ya samaki, na ninakasirika hata nikiandika saa hizi.

Skauting, yaani kwenda kutafuta sura mpya, ndiyo niliisubiri sana. Tulienda Kibuye Jumapili, siku yenyewe ya soko, tumevaa bej za ajensi, na sheria ilikuwa hivi: huongei na mtoto kabla hujaongea na mtu mzima aliye naye, huombi namba yake, unatoa kadi ya ofisi na unamwambia aje na mzazi mchana, basi. Kuna mama alikuwa anauza omena, binti yake amekaa nyuma anapima kwa gorogoro, mrefu, shingo hiyo, macho yametulia. Nikasalimia mama, nikajieleza. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini akauliza, "Na mimi nalipa ngapi?" Nikamwambia hulipi kitu mama, ukija na ukalipishwa hata mia moja, ondoka. Akarudia tena, kwa maana alishawahi kulipishwa elfu tatu na watu wa picha waliopotea na hela yake. "Nyathina hawezi enda mahali sijaona," akasema, yaani mtoto wangu, nikamwambia ndiyo maana namwongelesha yeye siyo binti. Walikuja Jumatano, wote wawili, mama amevaa nguo za kanisa. Binti yuko kidato cha nne kwa hivyo amewekwa pembeni mpaka amalize mtihani, na hilo lilisemwa na ajensi yenyewe, siyo na mama.

Hapo ndipo pa kusema kitu kuhusu sisi watu wa huku magharibi. Tunaamini hii kazi ni ya Nairobi. Lakini Ajuma Nasenyana alitoka Lodwar, msichana mkimbiaji, akaanzia mashindano ya Miss Tourism Kenya 2003 na akafika majukwaa makubwa ya Ulaya na Marekani. Sura hazikosekani huku. Kinachokosekana ni watu wa kukaa kwa ile meza, wa kusoma ule mkataba, wa kumpeleka mtoto Nairobi na kumrudisha salama. Mtu akipata modo mzuri hapa anamkabidhi tu kwa ajensi kubwa bila karatasi, na hajui kwamba yeye angeweza kuwa ajensi mama, ile ya nyumbani inayomlea modo na kuendelea kupata sehemu ya kamisheni akipelekwa kwingine. Hiyo nimejifunza hapo na nimeiona kwa macho, mkataba mmoja kama huo uko kwa faili yao.

Siku za shuti, yaani kupiga picha za kazi, nje ya ofisi nazo tulifuata mara kadhaa. Kazi yako ni kolshiti, ile karatasi ya nani anafika saa ngapi na wapi, ambayo huku lazima iandikwe kwa akili ya Kisumu. Kule Dunga kando ya ziwa mwanga mzuri ni asubuhi kabla ya saa tatu na jioni kuanzia saa kumi na moja, katikati hapo jua linayeyusha mekap na modo anakunja uso. Jua linazama karibu wakati ule ule mwaka mzima kwa sababu tuko karibu na ikweta, kwa hivyo hakuna kisingizio cha kuchelewa. Andika namba ya tuktuk unayemwamini, andika hospitali iliyo karibu, andika nani analeta maji, andika modo atabadilishia nguo wapi, maana wapiga picha wengine watakwambia "abadilishe kwa gari" na gari lenyewe halina hata kitambaa kwa dirisha. Tulifundishwa kukataa hapo hapo. Niliona Madam akisimamisha shuti nzima mpaka hema ndogo ikaletwa, mteja amekasirika, na hakuinua sauti hata kidogo. Nikajiambia hii ndiyo kazi nataka.

Sasa malalamiko, na ni ya ukweli. Posho ya atachment ilichelewa, na siyo mara moja. Kwa watu wanaofundisha kufuatilia invoisi kwa bidii hivyo, kutuacha sisi tukiomba nauli kwa wazazi haikuwa sawa, na niliwaambia uso kwa uso. Wanafunzi wanaoishi mtaa wa Kondele walikuwa wanatembea kwa miguu. Wametulipa nusu, nusu bado inaongelewa. Pili, kompyuta ni chache, mnakaa watatu kwa moja, na yule mwenye haraka ndiye anashika mausi kila siku, kwa hivyo kama una laptopu, hata nzee, beba yako. Tatu, somo la ushuru lilipitishwa mbio mchana mmoja tu. Walitaja ile asilimia 5 mteja anakata kwa malipo ya huduma kupeleka KRA, mamlaka ya ushuru, wakataja pini ya KRA, wakaondoka. Hapo ndipo mtu anayeanza anaumia zaidi, maana modo atakuja kukuuliza mbona hela imepungua na huna jibu la kutosha. Waongeze siku mbili nzima na walete mhasibu.

Na kitu kingine siyo kosa lao sana lakini ujue, mambo ya ng'ambo wanayajua kwa kusoma. Waliongelea Ufaransa vizuri, kwamba tangu 2017 modo wa huko anahitaji cheti cha daktari cha afya yake na picha ya biashara iliyobadilishwa umbo la mwili kwa kompyuta lazima iandikwe hivyo, lakini hakuna mtu hapo amewahi kupeleka modo Paris. Ukitaka hiyo njia utahitaji kupita Nairobi baadaye. Kwa kuanza, kwa kujua kazi yenyewe na kujua kuiheshimu, sijaona mahali pengine huku kwetu pa kulinganisha.

Nikiwapa nyota nawapa nne kwa tano, na ile moja nitairudisha posho ikiisha kulipwa. Wanachukua watu kumi kwa darasa, wanaita intavyuu fupi ambayo hawakuulizi kuhusu mitindo, wanakupa simu umpigie mtu asiyekujua umwombe kitu. Jizoeze kuongea Kiswahili safi na cha heshima, kama unajua Dholuo ama Kiluhya ni bora zaidi kwa sababu ya skauting. Cheti cha tabia njema cha polisi wanakitaka kabla hujakaribia mamodo, ni KSh 1,050 kupitia eCitizen, kianze mapema maana alama za vidole zina foleni. Usivae viatu virefu, ngazi ni mbovu.